Jivu Mdomoni: Siku Sita Kutoka Ndutu Hadi Ol Doinyo Lengai

Jioni ya tarehe 17 Julai 2007 nilikuwa bombani nachota maji. Ndoo yangu ilikwisha kujaa, nimeitua chini nikimsubiri mwenzangu ajaze ya kwake, mara maji yakaanza kumwagika yenyewe, upande huu, upande ule, kama kuna mtu asiyeonekana anaitikisa. Kisha mbwa wa kijiji kizima wakabweka kwa mpigo. Usiku ule mama alitulaza nje, chini ya migomba. Kwa wiki kadhaa ardhi ya kaskazini mwa Tanzania iliendelea kutetemeka, na tarehe 4 Septemba mlima Ol Doinyo Lengai ukalipuka. Kwetu, huku mitaa ya Meru, jivu hatukuliona. Tulilisikia redioni.

Ndoo ile naitaja kwa sababu ya kilichokuwamo. Meno yangu ni ya kahawia, rangi ya chai iliyokolea majani, na wenzangu wengi tuliokua pamoja wako hivyo hivyo. Ni floridi. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano huichukua njiani, na vyanzo vingi vya kwetu vinapita mbali kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yangali yanajijenga ndani ya ufizi, huota yakiwa yamekwisha kupakwa rangi, wala hakuna mswaki utakaoyasugua. Nimecheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja mpaka nimepita miaka ishirini.

Februari hii shemeji yangu, mume wa dada, dereva wa watalii, alipata siku sita za kukaa bila kazi. Nikamwambia nataka tulifuate jivu la Lengai kinyumenyume: tuanzie linakoangukia, tumalizie linakotokea.

"Watu hupanda mlima kwanza, halafu ndio wanakwenda kutazama wanyama wakipumzisha miguu," akasema. "Wewe shem unaanza na kupumzika, halafu ndiyo uchoke."

"Wewe endesha."

Siku ya kwanza: Arusha hadi Ndutu

Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, lango la Loduare. Barabara ya lami inaishia langoni, na hapo ndipo mgongo unapoanza kuhesabu mashimo. Ukingoni mwa Ngorongoro tulisimama dakika kumi kungoja ukungu uondoke, haukuondoka. Najua kwamba chini pale kuna sakafu iliyo mita 600 hivi kutoka ukingoni, na kutoka ukuta mmoja hadi wa pili ni karibu kilomita 20, kwamba huo ulikuwa mlima wa volkano ambao zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita ulititia ndani yake wenyewe. Najua kwa kusoma. Nimefika Ngorongoro mara tatu maishani, na mara zote tatu nimeona ukungu.

Tukashuka upande wa magharibi. Msitu ukawa vichaka, vichaka vikawa migunga ya hapa na pale, na kisha hakuna kitu. Nyasi fupi tu mpaka macho yanapokomea.

"Shem, miti imekwenda wapi?"

"Kesho nitakuonyesha ilikozuiwa."

Siku ya pili: Ndutu

Kandokando ya ziwa Ndutu kuna migunga mingi, ndiko tulikolala. Ukitoka hapo kilomita chache unaingia mahali ambapo mti ni habari. Shemeji alisimamisha gari kwenye ukingo wa mtaro uliochimbwa na maji ya mvua, akaniambia nitazame ukuta wake kuanzia juu. Juu kabisa nyasi, mizizi yake mifupi na myembamba kama nywele za mtoto mchanga. Halafu udongo laini wa kijivu, kina chake hakifiki gotini. Halafu tabaka jeupe. Nililigonga kwa spana ya magurudumu, likalia kama nimegonga sakafu ya saruji.

Hiyo ndiyo siri ya uwanda wa Serengeti upande wa kusini mashariki. Upepo wa huku huvuma zaidi kutoka mashariki kwenda magharibi, na kwa maelfu ya miaka umebeba jivu kutoka Kerimasi, volkano iliyozimika, na baadaye kutoka kwa jirani yake mdogo kwa umri, Lengai, ulio zaidi ya kilomita 100 kutoka pale tuliposimama. Jivu hilo lina chokaa nyingi. Mvua ikinyesha huiyeyusha na kuiteremsha kidogo tu, kwa sababu mvua yenyewe ni haba. Jua likiwaka, maji yanapanda hewani na chokaa inabaki chini, inashikana. Mizizi ya nyasi inatosheka na udongo wa juu. Mzizi wa mti unashuka, unafika sakafuni, na safari yake inaishia hapo.

Nikauliza, kwa hiyo jivu limeua msitu? Shemeji akasema hakuna msitu uliouawa, maana haukuwahi kuota.

Na nyumbu je? Wanaozunguka Serengeti na Maasai Mara ni zaidi ya milioni moja, na wangeweza kuzalia popote kwenye mzunguko wao. Wanakuja hapa, kwenye nyasi hizi za kuchuchumaa, mahali penye maji machache kuliko kaskazini. Sababu mojawapo wataalamu wameipata kwa kupima majani: nyasi za uwanda wa jivu zina kalisi na fosforasi nyingi kuliko nyasi ndefu za kaskazini na magharibi, na jike anayenyonyesha anaihitaji sana kalisi. Tena nyasi zikiwa fupi, fisi anaonekana tangu mbali. Ndama wengi wa mwaka mzima huzaliwa ndani ya wiki tatu hivi, kwa fujo moja, kiasi kwamba walao nyama wanashiba kabla hawajawamaliza.

Tulimkuta mmoja anazaa. Alilala, akainuka, akatembea hatua kumi, akalala tena. Kwato za mbele za ndama zilitoka kwanza, ncha zake laini na za manjano kama ganda la ndizi, halafu kichwa, halafu mama akasimama wima na kilichobaki kikaanguka chini chote kwa pamoja. Nikabonyeza saa ya simu. Ndama akatingisha masikio. Akainua makalio, akaanguka kwa pua. Akainuka, miguu imeachana kama meza iliyolegea misumari, akaanguka ubavuni. Mama alikuwa anamlamba. Nilichokitazama zaidi mimi ni manyoya: yalikuwa mabichi, na kila alipoanguka udongo wa kijivu ulimganda, shingoni, puani, mdomoni. Mama anaulamba, ndama anauongeza. Dakika ya saba akasimama na hakuanguka tena. Dakika ya ishirini walikuwa wanakimbia wote wawili, maana fisi alikuwa ameketi mahali muda wote huo nasi hatukumwona.

Siku nzima tukaona kumi na moja wakizaliwa. Wawili hawakufika jioni.

Siku ya tatu: Olduvai, mchanga unaohama, na pancha

Olduvai tulipita kwa haraka kuliko panavyostahili. Jina lenyewe lilikosewa. Wamaasai huita oldupai ule mkonge wa porini ulioota kila mahali bondeni. Ukisimama ukingoni unaona kuta za tabaka juu ya tabaka, nyekundu, kijivu, nyeupe, na sehemu kubwa ni jivu la volkano za nyanda hizi. Fuvu la zamadamu ambalo mtafiti Mary Leakey aliliokota hapa mwaka 1959 lilipata umri wake, karibu miaka milioni 1.75, kwa sababu jivu la pale lilipopimwa lilitoa tarehe. Mfupa wenyewe usingesema.

Kilichonikalisha ni mchanga unaohama, kilomita chache kutoka bondeni. Ni tuta moja, jeusi, limepinda kama mwezi mchanga, pembe zake zimeelekea magharibi. Urefu wake kwenda juu unakaribia mita tisa, na uwanda unaolizunguka ni tambarare na hauna mchanga wa rangi hiyo hata kidogo. Ni jivu la Lengai. Upepo unalisukuma mgongoni, chembe zinapanda na kumwagika upande wa pili, na tuta zima linatambaa kuelekea magharibi, kiasi cha mita 17 kwa mwaka. Nyuma yake wameacha vigingi vya saruji vyenye miaka, hapa lilikuwa mwaka fulani, pale mwaka fulani, kama mtu anayepigia mstari urefu wa mtoto ukutani.

Kwa nini lisitawanyike? Shemeji alichota konzi akarusha juu dhidi ya upepo. Nilitegemea linipige usoni. Badala yake likaanguka pamoja, kama pazia zito. Kisha akatoa sumaku ya spika mbovu mfukoni (dereva wa watalii hakosi kichekesho) akaisogeza mchangani, ikaota ndevu. Chembe hizi zina chuma, zinavutana. Nilijaza kidogo kwenye kikopo cha vidonge, halafu nikakimwaga, kwa sababu niliona aibu kulipunguza.

Kutoka hapo tulielekea kaskazini kwa njia za ng'ombe, hadi Malambo na uwanda wa Salei. Hapo gurudumu la nyuma likapasuka. Pancha si kitu. Spea nayo haikuwa na upepo, na jeki iliyokuja na gari ilikuwa ya gari dogo. Kampuni iliyotukodisha siitaji, ila mwenyewe akisoma atajijua. Baada ya saa nzima akapita kijana wa pikipiki, akafunga spea nyuma, shemeji akapanda katikati, wakaondoka kwenda kutafuta pampu. Mimi nikabaki kwenye kivuli cha gari.

Sikukaa peke yangu muda mrefu. Alikuja bibi mmoja wa Kimaasai na mjukuu wake wa kiume, wakakaa. Nikaamkia kwa maneno mawili ninayoyajua:

"Takwenya, yeyo."

"Iko."

Hapo Kimaasai changu kikaisha. Mjukuu akawa mkalimani. Nilimwuliza bibi kuhusu mwaka ule wa jivu. Akanyosha mkono kuelekea mashariki, mahali ambapo ncha ya Lengai ilikuwa inachungulia juu ya ukingo wa uwanda, nyeupe kama imemwagiwa unga. Alisema jivu lilikuja kama jioni iliyowahi. Ng'ombe walishusha vichwa kula, wakainua, wakapiga chafya, wakashusha tena. Nyasi zilikuwepo, lakini zimevaa shuka. Maji ya kunywa yalikuwa na utando. Walikusanya watoto na mifugo wakahama, wakatembea siku mbili, na kila walipogeuka nyuma waliona mlima una mti juu yake. Mti? Mjukuu akachora mchangani: shina jembamba, matawi yametanuka juu.

"Na mvua zilipokuja?" nikauliza.

Bibi akacheka. Nyasi zilizoota baada ya pale, akasema, mbuzi waliziacha kwa kupigwa.

Kisha akaniinamia, akatazama kinywa changu bila kuficha, akasema neno. Mjukuu akasita kulitafsiri.

"Sema tu."

"Anauliza, na wewe ulilila jivu?"

Nikamwambia ndiyo, yeyo, tangu utotoni. Akafungua mdomo wake akanionyesha. Rangi ile ile.

Spea ilirudi na upepo saa kumi. Tuliteremka ukingo wa Bonde la Ufa giza likiingia, na tukafika Engaresero tukiwa na vumbi la rangi moja, gari na watu.

Siku ya nne: Engaresero na ziwa Natron

Asubuhi nyayo. Karibu na ziwa kuna uwanja wa jivu lililogeuka jiwe, na juu yake kuna nyayo za watu zaidi ya 400. Ziligunduliwa na mwenyeji wa kijiji, wataalamu wakafuata. Jivu lilishuka kutoka Lengai na maji ya mvua, likatandaa kama tope, na watu wakapita juu yake kabla halijakauka. Lini? Wataalamu wanasema ni kati ya miaka 5,000 na 19,000 iliyopita. Kundi moja la watu 17 lilikuwa likitembea pamoja kwa mwendo wa kawaida kuelekea kusini magharibi, na wengi wao, kwa vipimo vya nyayo, walikuwa wanawake watu wazima. Huenda walikuwa wanatafuta chakula. Nilichuchumaa kando ya unyayo mmoja ambao kidole gumba kilikuwa kimezama zaidi, tope limejiviringisha pembeni kama unga wa chapati unapoubonyeza. Yule dada aliteleza. Akajizuia kwa kidole, akaendelea.

Ziwa sasa. Natron halina mto unaotoka. Maji yanaingia kwa Ewaso Ng'iro kutoka Kenya na kwa chemchemi za moto zilizopita kwenye miamba ya volkano, yakifika yanakaa, jua linayanywa, magadi yanabaki. Kina chake hakifiki mita tatu, na maji yanawasha ngozi. Zile picha zilizosambaa mwaka 2013 za ndege waliogeuka mawe ziliwafanya watu waamini kwamba ukitumbukia unaganda hapo hapo. Sivyo. Ndege wale walikufa, magadi yakawakausha, na mpiga picha akawaokota akawaweka wakae kama wako hai. Mimi niliingiza mguu hadi kifundo na nimerudi nao.

Lakini asidharau mtu. Katika miaka ya 1950 Leslie Brown, mtaalamu wa ndege, alijaribu kuwafikia heroe, yaani flamingo, kwa miguu katikati ya ziwa. Tope lilimmeza hadi magotini, magadi yakajaa ndani ya viatu, na alipojikokota kurudi miguu ilikuwa imeungua vibaya hadi akalazwa hospitali kwa wiki nyingi. Alichokuwa anakitafuta ni mazalia ya heroe wadogo, na kweli yalikuwa huko. Karibu robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa kwenye ziwa hili. Wanajenga vichuguu vya tope, kila kimoja na yai moja, katikati ya sakafu ya magadi ambako fisi na mbweha wakijaribu kutembea yanawapata ya Leslie Brown.

Tulitembea juu ya ganda la chumvi, likivunjika chini ya viatu kama papadi, hadi mahali ambapo kijana aliyetuongoza alisema basi. Mbele yetu mstari wa waridi, mrefu, unaosogea. Niliazima darubini ya shemeji. Vichwa vyote vilikuwa vimepinduliwa majini, midomo inachuja. Wanachokula ni viumbe vidogo mno vya kijani vinavyoota kwenye maji ya magadi peke yake, na ndani ya vijani hivyo mna rangi nyekundu inayopanda hadi kwenye manyoya. Heroe akikosa chakula hicho hupauka. Kwa hiyo mlima unaoza na kuwa magadi, magadi yanalisha vijani, vijani vinakuwa ndege.

Shemeji akaniuliza kwa nini naguna peke yangu. Nikamwambia nimekuta ndugu zangu, ila wao walibahatika, jivu liliwatokea kwenye mabawa.

Kwenye vijito vya moto pembeni kuna perege wadogo, urefu wa kidole, wanaogelea kwenye maji ya vuguvugu yenye magadi ambayo perege wa sokoni asingemaliza nayo saa moja. Ni wa huku tu, hawapatikani pengine.

Tukalala saa kumi na mbili jioni. Nasema tukalala; tulijilaza.

Siku ya tano: Mlima wa Mungu

Saa tano usiku kijana wetu alikuwa mlangoni, shuka nyekundu, fimbo, viatu vya matairi. Mimi nilikuwa na buti la kupanda mlima lililonigharimu mshahara. Buti liliachia soli saa nane usiku. Matairi yalifika na kurudi.

Kimo cha Lengai kinakaribia mita 2,960, si mrefu ukiulinganisha na Meru niliyoizoea. Mrefu si neno lake. Neno lake ni mkali. Hakuna njia ya kuzunguka, unapanda tu, na unachokikanyaga ni jivu lililoshikana lenye mikondo iliyochongwa na mvua, unapanda ndani ya mkondo kama mchwa kwenye mfereji. Unapiga hatua mbili, unarudishwa moja. Kadiri unavyopanda, ndivyo mteremko unavyosimama, na nusu ya mwisho nilipanda kwa miguu na mikono. Jivu liliingia kila mahali. Nilikuwa nalitafuna.

Saa tisa hivi tulikaa kupumua. Kijana akaniambia kwamba mwaka 2007 alikuwa mdogo, anachunga ndama. Matetemeko ndiyo aliyachukia, jivu kidogo. Siku mlima ulipofumuka aliambiwa na babu yake asikimbie bila mifugo. Wazee walikuja kuomba chini ya mlima. Wanawake wanaotafuta watoto huja mpaka leo, na ukame ukizidi pia watu huja.

"Kwa hiyo Eng'ai, Mungu wenu, alikasirika?" nikauliza.

"Dada, mimi napeleka wageni," akajibu. "Hayo waulize wazee."

Wataalamu wana maelezo yao, na nayapenda kwa sababu yamo jikoni. Zaha ya kawaida, ule mwamba ulioyeyuka unaotoka kwenye volkano nyingine, ina silika nyingi, madini yale ya mchanga na kioo, na joto la nyuzi 1,100 hivi. Zaha ya Lengai haina silika ya kutaja. Ni kabonati za sodiamu, potasiamu na kalisi, magadi yaliyoyeyuka, na joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600. Duniani kote hakuna volkano hai nyingine inayotema kitu hiki. Kuanzia mwaka 1983 ilikuwa inatiririka pole pole ndani ya kreta hadi ikaijaza, watu wakawa wanapanda na kupiga hema humo. Mwaka 2007 magma mpya, zaha ambayo bado haijatoka nje, yenye silika, ikapanda kutoka chini ikayakuta yale magadi. Umewahi kukamulia ndimu kwenye magadi? Gesi ilifumuka hivyo hivyo, ila kwa kipimo cha mlima. Mlipuko uliendelea, ukituliatulia na kurudi, hadi mwaka 2008. Uwanja wa kupigia hema ulirushwa hewani, na mahali pake pakawa shimo lililozungukwa na koni mpya ya jivu.

Tulifika ukingoni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Kijana alinishika mkono wa koti, akaniambia nilale kifudifudi kisha nichungulie, maana ukingo hauna mtu wa kuudai ukivunjika.

Giza lilikuwa bado halijaisha, na chini ya shimo palikuwa na kidoa cha wekundu uliofifia, kama kaa lililokwisha kufunikwa na majivu. Kulipopambazuka wekundu ukapotea, na nikaona kinachotoka ni cheusi. Kilikuwa kinabubujika juu ya kichuguu kidogo chenye ncha, na kila kilipofurika kilichuruzika kwa kasi kama oili chafu ya gari inavyomwagwa kutoka kwenye beseni. Mlio wake ni wa uji unaochemka, plop, plop, na katikati ya mlio pumzi ndefu. Kilichotiririka usiku kilikuwa cheusi bado. Kilichotangulia kilikuwa kijivu, kingine cheupe kabisa, kwa sababu unyevu wa hewa ukikigusa kinageuka. Wale wageni wanaotazama Lengai kwa mbali na kudhani ncha yake ina theluji, wanatazama magadi.

Nilibaki pale hadi jua likapanda. Upande wa mashariki kulikuwa na Gelai na Kitumbeine, kaskazini ziwa limeiva wekundu. Nikageuka magharibi. Kivuli cha mlima kilikuwa kimelala juu ya Salei, pembetatu iliyochongoka, imevuka ukingo wa bonde, na ncha yake imeelekea kule kule tulikotoka, kwa bibi, kwa tuta jeusi, kwa ndama. Upepo ulikuwa unanipiga mgongoni. Kijana akaokota konzi ya vumbi jeupe akaliachia, likaondoka.

Kushuka sitasimulia. Nilishuka kwa makalio, suruali imeshuhudia. Ila njiani, mchana ulipofunguka, niliona nilichokipita gizani: kwenye migongo ya jivu la 2007 na 2008 nyasi zimeota kwa mafundo mafundo, na kila fundo limeshika jivu chini yake kama kiganja, huku pembeni mvua imechimba hadi utosi wa mtu. Kwenye fundo moja kulikuwa na kinyesi cha swala.

Siku ya sita: kurudi

Tulipita Engaruka, Kerimasi ukiwa kando yetu, kisha Mto wa Mbu na lami. Shemeji alipiga simu kwa yule mwenye gari kuhusu spea. Maneno hayo hayafai kuandikwa.

Saa moja usiku tulikuwa kwa dada. Alinitazama, akanipa maji ya kusukutua kabla ya salamu. Niliyatema kwenye sinki yakiwa ya kijivu, mara ya pili ya kijivu, mara ya tatu safi. Maji ya kunywa kwake yanatoka kwenye ndoo mbili zilizopandana. Ya juu ina mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mifupa iliyochomwa ikasagwa, maana mfupa unaifuata floridi na kuishika. Ni utaalamu ambao kituo cha utafiti pale Ngurdoto kimeufanyia kazi miaka mingi. Alinunua ndoo zile alipokuwa na mimba.

Mtoto wake ana miaka saba. Alikuja mbio kunionyesha pengo: lile la juu, la mbele, limetoka jana nilipokuwa mlimani, na la ukubwani limekwisha kuchungulia.

"Shangazi tazama."

Anajua fika mimi ni mama mdogo, ananichokoza. Nikampeleka chini ya taa, nikamwambia apanue. Ncha ilikuwa ndogo kama punje ya mchele, ina meno meno kama msumeno. Niliifuta kwa pindo la khanga nione vizuri. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu, na shemeji mlangoni na funguo mkononi, hakuna aliyesema kitu.

"Nyeupe," nikasema.